Printa Inapogoma Baada ya Kusasishwa: Uchunguzi wa Matatizo ya Vifaa vya Kompyuta katika Ofisi za Bukavu

1.0 Utangulizi

Ofisi za vyuo vikuu vya Bukavu, kama zilivyo ofisi nyingi za Afrika Mashariki na Kati, huandika kwa kompyuta lakini huamua kwa karatasi. Tasnifu ya mwanafunzi, orodha ya alama, mwaliko wa baraza la idara na barua ya mapendekezo havihesabiwi kuwa vimekamilika mpaka vichapwe, visainiwe na vipigwe muhuri. Kwa hiyo printa ya idara inapogoma katika wiki ya utetezi wa kazi za kuhitimu, jambo hilo haliwahusu mafundi peke yao. Mwanafunzi anaweza kukosa tarehe yake, na idara inaweza kutumia fedha iliyozikusanya kwa shida kununua kifaa kipya badala ya kile ambacho kwa kweli hakikuwa kibovu.

Makala haya yanashughulikia aina moja ya mgomo huo, yaani ule unaotokea mara tu baada ya programu iliyomo ndani ya kifaa, au ile ya kompyuta inayokiendesha, kubadilishwa kwa toleo jipya. Malalamiko yake yanafanana kila mahali: jana kilifanya kazi, leo hakifanyi, na hakuna aliyekigusa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo haya huweza kutambuliwa na katibu wa idara au mwanafunzi mwenyewe, bila vyombo vya fundi, iwapo atafuata utaratibu na iwapo atakitaja kwa usahihi kile anachokiona. Sharti hili la pili ni la lugha, nalo ndilo linaloyapa makala haya nafasi yake katika jarida la taaluma za Kiswahili.

Kuhusu istilahi, ifahamike kwamba Kiswahili cha kompyuta hakijatulia. Mashine yenyewe imewahi kuitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kazi ya kutafsiri programu nzima ilipata sura mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulipotoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi yenye amri za Kiswahili. Mjini Bukavu, hata hivyo, mzungumzaji hutumia majina ya Kifaransa ndani ya sentensi ya Kiswahili: imprimante, clavier, souris. Mchanganyiko wa namna hii si mgeni mjini humo. Didier Goyvaerts aliuchunguza katika makala yake ya mwaka 1988 juu ya Indoubil, lugha ya vijana wa Bukavu iliyojengwa juu ya Kiswahili. Katika makala haya, maneno yanayotumika ni printa, kibodi, kipanya na, kwa jumla yao, vifaa vya pembeni. Kubadilisha programu kwa toleo jipya kunaitwa kusasisha, ingawa wapo wanaosema kuhuisha.

2.0 Tabaka nne za programu na kifaa

Mtu anayebonyeza kitufe cha kuchapa huona mambo mawili tu, kompyuta na printa. Baina ya kitufe na karatasi kuna tabaka nne, na kosa katika tabaka lolote huonekana kama kosa la printa.

Tabaka ya kwanza ni mwili wa kifaa: mota, rola za kuvuta karatasi, wino, kebo na plagi. Tabaka ya pili ni programu dhibiti, yaani programu iliyoandikwa ndani ya kifaa chenyewe kiwandani, ambayo hukiambia namna ya kuamka, kuzungusha mota zake, kuzungumza na kompyuta na kupima wino. Jina lake la Kiingereza lilipendekezwa na Ascher Opler mwaka 1967, akimaanisha kitu kilicho kati ya programu laini inayobadilika kila siku na maunzi magumu yasiyobadilika. Tabaka ya tatu ni kiendeshaji, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya kompyuta na kutafsiri ombi la mtumiaji liwe katika lugha ambayo printa inaielewa. Tabaka ya nne ni mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, kama vile Windows au Linux, ambao hupanga kazi katika foleni na kuamua ziende wapi.

Zamani programu dhibiti ilichongwa katika kumbukumbu isiyofutika, na kuibadilisha kulihitaji kung'oa kipande cha kielektroniki na kuweka kingine. Mabadiliko yalikuja na kumbukumbu ya flashi, iliyovumbuliwa na mhandisi Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba na kutangazwa mwaka 1984. Kumbukumbu hiyo hufutika na kuandikwa upya kwa umeme, huku ikihifadhi maandishi yake kifaa kikizimwa. Tangu hapo mtengenezaji ameweza kusahihisha kosa la kifaa kilichokwisha kuuzwa, hata kikiwa Bukavu, kwa kutuma faili kwa njia ya intaneti. Lakini kinachoweza kuandikwa upya kinaweza pia kuharibiwa. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi cha CIH kilifuta programu dhibiti ya kompyuta nyingi duniani, nazo hazikuweza kuwaka tena ingawa hakuna kipande chake kilichovunjika.

3.0 Umeme na saa ya kusasisha

Kusasisha programu dhibiti kuna hatua mbili zinazotofautiana sana kwa hatari. Hatua ya kwanza ni kupakua faili. Mtandao ukikatika wakati huu, kwa kawaida hasara ni ya fedha ya vocha tu, kwa kuwa kifaa hukagua ukamilifu wa faili kabla ya kuitumia na hulikataa faili lililokatika. Hatua ya pili ni kuandika. Hapa kifaa hufuta sehemu ya kumbukumbu yake na kuandika maagizo mapya mahali pale pale. Umeme ukikatika katikati ya dakika hizo chache, kifaa kinaweza kubaki bila maagizo ya zamani wala mapya, na kikiwashwa hakijui namna ya kuamka. Vifaa vilivyosanifiwa vizuri hujilinda kwa kutunza nakala mbili, au kwa kuacha sehemu ndogo ya programu ambayo haifutwi kamwe na ambayo huweza kuanza kazi upya. Vifaa vya bei nafuu mara nyingi havina kinga hiyo.

Maelezo haya yana uzito maalumu kwa Bukavu. Mji huu uko mahali ambapo Mto Ruzizi unatoka katika Ziwa Kivu, na umeme wake umetegemea mabwawa ya mto huo: Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, mradi wa pamoja wa Burundi, Rwanda na Zaire ulioanza kuzalisha mwaka 1989. Mahitaji ya mji yamekua kupita uwezo wa mitambo, na taka za plastiki zinazosukumwa na maji ya ziwa zimewahi kuikwamisha mitambo ya Ruzizi I. Wakazi wa Ibanda, Kadutu na Bagira wanaujua vyema mgawo wa umeme, ambao huuita kwa neno la Kifaransa, délestage.

Kuna dhana moja ya kosa inayostahili kusahihishwa. Mtumiaji wa kompyuta ya kupakata hujiona salama kwa sababu kompyuta yake ina betri. Betri hiyo huilinda kompyuta. Haiilindi printa iliyochomekwa ukutani. Umeme ukikatika, kompyuta itaendelea kuwaka na kuonyesha maendeleo ya kazi huku kifaa kinachoandikwa kikiwa kimekwisha kuzimika. Hali kadhalika, jenereta peke yake si kinga, kwani sekunde chache za kuhama kutoka umeme wa mji kwenda wa jenereta zinatosha kuikata kazi.

Kifaa cha betri cha kuzuia mkatiko, ambacho Bukavu hujulikana kama onduleur, husaidia kwa printa ndogo za wino wa maji. Kwa printa za leza lazima pawe na tahadhari: sehemu inayoyeyusha unga wa wino hutumia umeme mwingi kwa ghafla inapopata moto, na onduleur ndogo inaweza kuzidiwa na kujizima yenyewe, jambo ambalo ndilo lililokuwa likikwepwa. Njia iliyo salama zaidi ni kusasisha wakati jenereta au mtambo wa jua wenye uwezo wa kutosha umekwisha kuchukua mzigo, na kutumia kebo badala ya mtandao usiotumia waya ikiwezekana.

4.0 "Imekufa": vitenzi na dalili

Katika Kiswahili cha Bukavu, kama ilivyo kwa wasemaji wengi wa lugha hii, mashine isiyofanya kazi husemwa kuwa imekufa. Kitenzi hiki kinatosha sokoni, lakini katika uchunguzi kinaficha zaidi ya kinavyoeleza. Fundi anayeambiwa kwa simu kwamba printa imekufa hawezi kujua aanzie tabaka gani, na ushauri wake wa kwanza huwa ni kubahatisha. Kiswahili kina vitenzi vingine vinavyotenganisha dalili hizi barabara. Vitano kati yake vinajadiliwa hapa.

4.1 Kuganda

Kifaa kilichoganda huwasha taa, pengine huonyesha nembo au rangi moja kwenye kioo chake, lakini hakijibu kitufe chochote. Iwapo hali hii imefuata moja kwa moja baada ya kusasisha, tabaka inayoshukiwa ni ya pili. Mfano unaojulikana ni wa Mei 2023, ambapo sasisho lililotumwa kwa baadhi ya printa za HP OfficeJet za kundi la 9020 liliziacha na kioo cha buluu na namba ya kosa 83C0000B. Wenye printa hizo hawakuwa wamefanya kosa lolote, wala kubadilisha kebo au kiendeshaji kusingesaidia. Kifaa kilichoganda kichomolewe umeme kwa dakika kadhaa, kisha kiwashwe bila kebo ya kompyuta. Kikibaki vilevile, kitafutwe katika mwongozo wake utaratibu wa kuokoa programu dhibiti; kama haupo, hiyo ni kazi ya fundi au ya mtengenezaji.

4.2 Kupotea

Kifaa kilichopotea ni kizima, lakini kompyuta haikioni. Hii ndiyo dalili inayowafanya watu wengi watupe vifaa vizima. Baada ya kusasishwa, printa huweza kujitambulisha kwa kompyuta kana kwamba ni kifaa kipya. Mfumo wa Windows huongeza basi printa ya pili yenye jina lile lile na alama ya nakala, na ile ya kwanza hubaki katika orodha ikiwa haina kitu nyuma yake. Mtumiaji huendelea kutuma kazi kwa jina la zamani, na karatasi haitoki.

Kwa printa ya mtandao sababu huwa ni anwani. Printa inapojiwasha upya baada ya kusasishwa, kifaa cha kugawa mtandao kinaweza kuipa anwani tofauti na ya jana, ilhali kompyuta zote za idara zinaitafuta katika anwani ya zamani. Ni sawa na mtu aliyehama kutoka Kadutu kwenda Bagira huku barua zake zikiendelea kupelekwa Kadutu. Dawa yake ni kuipa printa anwani ya kudumu. Aidha, kifaa kilichorudishwa katika hali ya kiwandani huwa kimesahau neno la siri la mtandao, na kipanya au kibodi isiyotumia waya huweza kuhitaji kuunganishwa upya na kipokezi chake.

4.3 Kukwama

Hapa kompyuta inaiona printa, kazi inaingia katika foleni, lakini haiendi mbele. Mara nyingi kazi moja iliyotumwa wakati wa kusasisha imeharibika na kuziba njia, kama lori lililopinduka katika barabara nyembamba: magari yaliyo nyuma ni mazima, ila hayapiti. Kuituma kazi ile ile mara kumi huongeza msongamano, na foleni ikija kufunguka hupoteza karatasi kumi. Inapasa foleni ifutwe yote, huduma ya uchapishaji ya kompyuta isimamishwe na kuanzishwa upya, kisha utumwe ukurasa mmoja wa majaribio.

Ipo aina ya kukwama inayotokana na karatasi. Nchi nyingi hutumia karatasi ya A4, yenye milimita 210 kwa 297. Marekani hutumia ukubwa unaoitwa Letter, wenye milimita 216 kwa 279. Printa iliyosasishwa na kurudi katika hali ya kiwandani huweza kudai Letter. Itawasha taa ya karatasi ilhali trei imejaa, na itangoja bila kikomo. Kosa hili husahihishwa kwa kuchagua A4 katika kioo cha printa na katika kiendeshaji.

4.4 Kukataa

Kifaa kinachokataa hufanya kazi zake zote isipokuwa ile moja ambayo kimeamua kuizuia, na hueleza hivyo kwenye kioo. Kisa kikuu ni cha tarehe 13 Septemba 2016, ambapo printa nyingi za HP OfficeJet zilikataa kwa siku moja katriji za wino zisizo za kampuni hiyo. Uamuzi huo ulikuwa umewekwa ndani ya programu dhibiti miezi kadhaa kabla, ukingoja tarehe. Baada ya malalamiko, tarehe 28 Septemba mwaka huo kampuni iliomba radhi kwa kutowaeleza wateja ipasavyo na kuahidi toleo la hiari lisilo na kizuizi hicho. Kanuni yenyewe haikuachwa, na printa mpya za kampuni hiyo zimeendelea kuuzwa zikiwa na kinga ya namna hiyo.

Katika mji ambako katriji hujazwa tena badala ya kutupwa, jambo hili lina maana ya fedha. Printa inayokataa wino haiponi kwa kubadilisha kiendeshaji, kwa sababu anayekataa ni kifaa chenyewe. Kabla ya kununua, idara haina budi kuuliza kama printa inayouzwa kwa bei nafuu itakubali wino unaopatikana mjini.

Kukataa huweza pia kutokea kwa vipande vya kuigiza. Mnamo Oktoba 2014 kiendeshaji cha kampuni ya FTDI kilisambazwa kupitia masasisho ya Windows. Kiendeshaji hicho kilipokutana na vipande bandia vya kuunganisha vifaa kwa USB, kilifuta namba ya utambulisho wao, na kompyuta hazikuvitambua tena. Walioumia wengi hawakujua kwamba walikuwa wamenunua bandia.

4.5 Kuchanganya

Dalili ya mwisho ni ya kifaa kinachofanya kazi kwa bidii lakini kinatoa kisichoeleweka. Sasisho la Windows la mwisho wa Januari 2025 lilifanya baadhi ya printa zilizounganishwa kwa USB zichape mistari ya alama na amri za mawasiliano bila kuombwa. Printa hazikuwa na kosa: kompyuta ilizitumia maagizo ya ndani, nazo zikayachapa kama maandishi. Tatizo lilisahihishwa kwa sasisho la Machi 2025. Aliyekimbilia kusafisha printa yake katika wiki hizo alifanya kazi ya bure.

Kwa upande wa kibodi, kuchanganya kuna sura inayomgusa moja kwa moja mwandishi wa Kiswahili. Kibodi nyingi za Kongo zina mpangilio wa AZERTY, uliokuja pamoja na elimu ya Kifaransa, ilhali mfumo uliosasishwa au kuwekwa upya huweza kurudi katika mpangilio wa Kimarekani wa QWERTY. Vitufe havijabadilika, ila maana yake imebadilika: A hutoa q, Z hutoa w, W hutoa z, na M hutoa nukta mkato. Anayeandika "kazi" hupata "kqwi"; "maziwa" huwa ";qwizq", na "mwalimu" huwa ";zqli;u". Ni dhahiri kwamba Kiswahili huumia sana katika hali hii. Irabu a ndiyo herufi inayojitokeza zaidi katika maandishi yake, na viambishi vya ngeli na vya upatanisho kama m-, wa-, ma- na za- hutegemea hasa herufi hizo nne. Kibodi ikionyesha dalili hii isitupwe wala kufunguliwa. Ni tabaka ya nne iliyobadilika, na kuchagua upya mpangilio wa Kifaransa katika mfumo kunamaliza tatizo kwa dakika moja.

5.0 Utaratibu wa uchunguzi

Baada ya dalili kutajwa kwa kitenzi chake, uchunguzi uendeshwe kutoka kwenye kifaa kuelekea kwenye kompyuta, jambo moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha kebo, kiendeshaji na katriji kwa pamoja anaweza kufanikiwa, lakini hatajua alichofanikiwa kwacho, na tatizo likirudi ataanza upya.

Kwanza, kifaa kipimwe kikiwa peke yake. Karibu kila printa ina namna ya kuchapa ukurasa wa majaribio kwa vitufe vyake, bila kompyuta. Kebo ichomolewe na ukurasa huo uchapwe. Ukitoka safi, mwili na sehemu kubwa ya programu dhibiti ni vizima, na uchunguzi uhamie kwingine. Ukurasa huo huo kwa kawaida hutaja toleo la programu dhibiti na anwani ya mtandao, kwa hiyo utunzwe.

Pili, njia ipimwe. Kebo ibadilishwe kwa nyingine inayojulikana kuwa nzima, ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanyi, na tundu jingine lijaribiwe. Kwa printa ya mtandao, anwani iliyo katika ukurasa wa majaribio ilinganishwe na ile iliyo katika kompyuta.

Tatu, kifaa kiunganishwe na kompyuta nyingine. Hatua hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu hukata tatizo nafasi mbili. Kikifanya kazi huko, kosa limo katika kompyuta ya kwanza. Kikishindwa kwenye kompyuta mbili zenye kebo tofauti, kosa limo katika kifaa. Ni busara kompyuta ya pili iwe haijapokea sasisho linaloshukiwa, la sivyo zote mbili zitashindwa kwa sababu moja na kifaa kitasingiziwa.

Nne, iwapo kosa limeangukia kwenye kompyuta, foleni ifutwe, printa zenye majina ya nakala ziondolewe, kiendeshaji cha zamani kifutwe kabisa na kile cha mtengenezaji kiwekwe upya. Historia ya masasisho ya mfumo isomwe na tarehe zake zilinganishwe na siku tatizo lilipoanza. Sasisho linaloshukiwa laweza kuondolewa kwa muda. Tangu Agosti 2021 Windows hudai mamlaka ya msimamizi ili kuweka kiendeshaji cha printa ya mtandao, kwa ajili ya kuziba udhaifu uliojulikana kama PrintNightmare; kwa hiyo mtumiaji anayekataliwa asidhani kwamba printa imeharibika.

Tano, iwapo kosa limeangukia kwenye programu dhibiti, namba kamili ya aina ya kifaa isomwe kwenye kibandiko chake, na faili litafutwe kwa mtengenezaji tu. Tofauti ya herufi moja katika namba hiyo inaweza kuwa tofauti ya kifaa kizima. Ifahamike pia kwamba vifaa vingine vimefungwa visirudi katika toleo la zamani.

6.0 Kusasisha au kutosasisha

Kutokana na yaliyoelezwa, msomaji anaweza kuhitimisha kwamba salama ni kutosasisha kamwe. Hitimisho hilo halifai. Mwaka 2016 ilidhihirika kwamba vipanya na kibodi nyingi zisizotumia waya zingeweza kuingiliwa na mtu aliye umbali wa hadi mita 100, akaandika katika kompyuta asiyoigusa. Kwa baadhi yake tiba ilikuwa programu dhibiti mpya. Mnamo Novemba 2021 watafiti wa kampuni ya F-Secure walitangaza udhaifu katika aina zaidi ya 150 za printa za HP, ambao nao ulizibwa kwa njia hiyo. Printa ya idara hupitishiwa mitihani kabla ya siku yake, orodha za alama na barua za siri. Kuiacha wazi ni kuiacha wazi meza ya mkuu wa idara.

Linalohitajika ni kuiondoa kazi ya kusasisha kutoka katika mikono ya kifaa na kuirudisha katika mikono ya watu. Printa nyingi huruhusu sasisho la hiari badala ya lile la moja kwa moja. Idara inaweza kuweka desturi ya kusasisha wakati wa likizo, mchana, umeme ukiwa wa kuaminika, wiki chache baada ya toleo kutangazwa ili makosa yake yawe yamejulikana. Lisisasishwe lolote katika wiki za mitihani na za utetezi. Kwa upande wa kompyuta, idara ikumbuke kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba kuhamia mfumo mwingine ni fursa ya kuhakikisha kabla, si baada, kama printa iliyopo ina kiendeshaji chake huko.

Chombo cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii ni daftari. Kila kifaa kiwe na ukurasa wake wenye namba ya aina, toleo la programu dhibiti, anwani ya mtandao, aina ya wino unaokubaliwa, na tarehe ya kila badiliko. Malalamiko ya "jana ilifanya kazi" hupata jibu pale tu inapojulikana nini kilibadilika jana.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mgomo wa kifaa baada ya kusasishwa huweza kutoka katika tabaka nne, kwamba mkatiko wa umeme ni hatari wakati wa kuandika kuliko wakati wa kupakua, na kwamba vitenzi vya kawaida vya Kiswahili vinaweza kuelekeza uchunguzi kwenye tabaka inayohusika. Miongozo ya vifaa vinavyofika Bukavu aghalabu huandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na katibu anayekwama katika ukurasa wa kwanza hulazimika kumngoja fundi kwa jambo ambalo angelimaliza mwenyewe.

Idara za Kiswahili zinaweza kuziba pengo hili kwa kazi isiyo na gharama kubwa: kuandaa kwa kila ofisi karatasi moja ya Kiswahili, itakayobandikwa kando ya printa, yenye hatua tano zilizoelezwa na vitenzi vitano vya kuripoti tatizo. Maneno ya karatasi hiyo yachaguliwe pamoja na makatibu na mafundi wa mji. Pale ambapo imprimante inaeleweka kuliko printa, basi yaandikwe yote mawili ubavu kwa ubavu, mpaka matumizi yenyewe yaamue lipi litabaki.